Kompyuta ya kwanza ya gemu kwa bajeti ndogo: anza na pawa saplai, mengine baadaye

Mwaka jana niliua kompyuta. Niliiunga mwenyewe kwa mikono yangu hii, nikaipiga picha, nikaiweka stetasi, na baada ya miezi minne nikaiua. Ilikuwa saa mbili usiku huku kwetu Tabata, mdogo wangu yuko dakika ya themanini kwenye eFootball anaongoza mbili moja, umeme ukakatika. Tukakaa. Ukarudi, ukakatika tena, ukarudi, na pale uliporudi mara ya pili ikatoka pah! moja ya haja, halafu ile harufu, walioisikia wanaijua, kama samaki aliyeungulia kwenye sufuria ya plastiki.

Pawa saplai, lile boksi linalochukua umeme wa ukutani na kuugawia vifaa vya ndani, imekufa. Sawa, vitu vinakufa. Shida ni kwamba haikufa peke yake, iliondoka na mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) na ile diski ya SSD yenye picha zote za harusi ya dada yetu. Kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, ilinusurika, sijui kwa dua za nani.

Sasa hiyo pawa saplai niliipataje? Nilipewa bure. Nilinunua kesi (boksi la nje la kompyuta) Kariakoo, ile yenye kioo na feni za taa, jamaa akaniambia "dada yangu hii inakuja na pawa saplai yake ndani, wati 500, hapo umeokoa hela." Nikafurahi kama mtoto. Wazee walisema rahisi inavunja upishi, mimi ilinivunjia na mazabodi.

Tangu hapo kila mtu anayeniuliza nimsaidie kuchagua vifaa naanza nao hapo, na kila mtu anakasirika, maana wao wanataka tuongelee prosesa (ubongo wa kompyuta) na fremu ngapi kwa sekunde na taa za rangi gani. Mtu ana orodha nzuri kabisa, prosesa, kadi, RAM, kila kitu kimeandikwa na jina na namba yake, halafu chini kabisa kaandika "pawa saplai yoyote". Yoyote! Hakuna anayeandika "breki yoyote" akinunua bodaboda.

Ngoja nikuonyeshe nilichokuja kukiona wakati mzoga uko mezani. Nje kwa maandishi makubwa: 500W. Pembeni kuna lebo ndogo yenye jedwali, tafuta mstari wa +12V, maana prosesa na kadi ya picha zote zinakula kwenye volti 12, hizo nyingine za 5 na 3.3 ni za vitu vidogo vidogo. Yangu ilikuwa imeandikwa ampea 16. Zidisha mwenyewe, 12 mara 16, unapata 192. Yaani wati 500 yangu ilikuwa wati 192 pale panapohusika, na hiyo ni kwa maneno yake yenyewe, sijui kama hata hizo ilikuwa nazo. Na mimi kompyuta yangu ilikuwa na prosesa ya Ryzen 5 5600 ambayo ikikaza inafika kama wati 76, kadi ya RX 6600 ambayo ni wati 132, ukijumlisha mazabodi na feni na SSD unakuja kwenye 250 na kitu. Miezi yote minne ile boksi ilikuwa inabeba gunia lisilo lake, na mimi nasifia kwamba haina kelele.

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza ni hiyo, soma +12V. Pawa saplai ya kweli ya wati 450 inatakiwa ikupe ampea 36 kwenda juu kwenye huo mstari. Na kwa kompyuta ya bajeti huhitaji zaidi ya 450 au 550, anayekwambia nunua 750 kwa ajili ya RX 6600 anakuuzia stoo yake.

Sheria ya pili nitaonekana mshamba lakini sijali. Pima uzito. Mimi ile maiti niliipeleka kwa mama anayeuza maharage hapo jirani nikaomba mizani, haikufika hata kilo. Nikarudi na niliyonunua baadaye, ilikaribia kuwa mara mbili yake, mama akaniuliza mwanangu hivi ni vitu vya kula au? Ndani ya ile nyepesi kuna nafasi zimeachwa wazi kwenye bodi, unaona kabisa hapa palitakiwa kuwe na koili, hapa kuna waya tu umerukishwa. Huo uzito unaokosekana ndio ulinzi wenyewe, ndio unaochuja umeme ukirudi kwa kishindo.

Na usidanganyike na nembo ya 80 Plus peke yake. Ile inapima umeme unaopotea njiani, kwamba angalau asilimia 80 ya kinachoingia kinatoka upande wa pili, haipimi kama itakata yenyewe kukiwa na shoti. Ni dalili nzuri ndiyo, lakini sio kinga. Hata wakubwa wanateleza, mwaka 2021 Gigabyte walibidi watoe tamko na kukubali kubadilishia watu pawa saplai zao mbili, P750GM na P850GM, baada ya kulipuka kwenye majaribio, na hizo zilikuwa na 80 Plus Gold. Ila tofauti ni kwamba kule kuna wa kumlalamikia.

Haya, madaraja yangu ya pawa saplai. Namba moja ni Corsair CX, 450 au 550, hiyo ndiyo ninayotumia sasa na ndiyo nitakayokwambia hata ukiniamsha saa tisa usiku. Namba mbili ni Cooler Master MWE Bronze, soma vizuri hilo neno Bronze, maana kuna MWE nyingine inayoitwa White na madukani wanazichanganya kana kwamba ni kitu kimoja. Namba tatu Corsair CV, ni mdogo wake CX, inavumilika kama kweli hela imegoma. Za chini ya hapo sizipangi. Na pawa saplai ya mtumba sinunui, kitu kinachozeeka kwa ndani huwezi kukikagua kwa macho, bora prosesa ya mtumba, ile haina cha kuchoka.

Kabla sijaondoka hapa, angalia nyuma ya pawa saplai kama kuna kaswichi kekundu kameandikwa 115 na 230. Kama kapo, kiwe 230, sisi umeme wetu ni huo. Kuna kijana alileta kompyuta mpya imewashwa mara moja tu, mtu wa dukani aliacha swichi kwenye 115. Mara moja tu.

Halafu ile kitu ya kugusa kesi na kusikia kama chawa wa umeme wanakutembea vidoleni. Watu wanakwambia ni kawaida, kompyuta zote ziko hivyo. Sio kawaida! Hiyo maana yake nyumba yako haina ethi (waya wa kwenda ardhini), au ekstensheni yako haina, au waya uliopewa ule pini yake ndefu ya juu ni plastiki tupu. Ndani ya pawa saplai kuna vichujio vinavyotakiwa kumwaga umeme kidogo ardhini, vikikosa ardhi vinaumwaga kwenye bati la kesi, na bati linaelea karibu nusu ya volti za ukutani. Ni kidogo hauui, lakini ukija kuchomeka waya wa HDMI wa TV huku kila kitu kimewashwa ndio unasikia watu wanasema "HDMI imeungua yenyewe tu". Nunua waya wenye pini ya chuma, ekstensheni yenye nyaya tatu ndani, na ukiweza UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika. Sio gadi ya friji jamani, mnanichekesha na kunitia huruma kwa wakati mmoja. Na VA sio wati, UPS ya VA 650 nyingi zinabeba nusu ya hapo na kidogo, kazi yake ni kukupa dakika za kuzima, sio kumalizia mechi.

Okay. Vingine.

Prosesa. Mimi ni Yanga damu, lakini kwenye kompyuta navaa nyekundu, hiyo kijani nimewaachia Nvidia. Ni shabiki wa AMD, wenye Ryzen na RX, na sifichi. Ryzen 5 5600 ilitoka 2022, kori sita, inakuja na feni yake kwenye boksi, na soketi yake (pale inapokaa kwenye mazabodi) ni AM4, mazabodi zake zimejaa mtaani kwa bei ya kibinadamu, mazabodi ya A520 inatosha kabisa au B450 kama ya mtumba imeshafanyiwa apudeti ya BIOS, ile programu ya ndani ya mazabodi. Ukichoka miaka inayokuja unachomeka prosesa yenye nguvu zaidi, 5700X3D au 5800X3D, humo humo. Intel i3-12100F na yenyewe ni nzuri, haya nimesema. Ila kumbuka 5600 haina picha ya ndani, waya wa skrini unachomekwa kwenye kadi, sio kwenye mazabodi, nimeshapigiwa simu usiku kwa hili zaidi ya mara tatu.

Kama huna hela ya kadi kabisa kwa sasa, chukua 5600G, hiyo ina picha zake ndani, utacheza vitu vyepesi huku unachanga.

Kadi ya picha, namba moja RX 6600 ya 8GB, mpya au mtumba iliyojaribiwa mbele yako. Namba mbili RTX 3050 ya 6GB, namuweka hapo kwa shingo upande, ila sifa yake ni wati 70 tu na nyingi hazihitaji waya wa ziada, kwa hiyo mwenye pawa saplai ya mashaka itamwonea huruma. Namba tatu RX 580 ya 8GB ya mtumba, na hapa fungua macho. Nyingi zilikuwa migodini zinachimba Ethereum, sarafu ya mtandaoni, mpaka Septemba 2022 mchimbo ulipofungwa, zikatapakaa dunia nzima, zikafika na kwetu. Kuchimba sio dhambi, feni zikiwa mbovu zinabadilishwa. Dhambi ni ile ndugu yake, RX 580 2048SP, jina lile lile lakini kimsingi ni RX 570. Fungua GPU-Z, programu ya kusoma kadi, hapo hapo dukani, kwenye Shaders orijino inasoma 2304, ukiona 2048 basi bei ishuke au uondoke. Hiyo hiyo GPU-Z itakuandikia kabisa FAKE kama kadi ni ya kizee iliyobadilishwa jina, maana kuna 1050 Ti mtaani ambazo ndani ni GTX 550 Ti zimevalishwa koti. RX 6500 XT hapana. GT 730 ni kadi ya kuonyesha Excel.

RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) chukua mbili za 8GB, usichukue moja ya 16, zikiwa mbili zinasoma njia mbili na gemu zinabadilika unaona kwa macho. Washa XMP kwenye BIOS, ndiyo inayoipa RAM kasi iliyoandikwa, vinginevyo umelipia kasi ya 3200 unatumia 2400 au 2666. Bei ya RAM imepanda vibaya kuanzia mwisho wa 2025, viwanda vimehamia kuwauzia wenye madatasenta ya akili mnemba, hilo kweli sio kosa la wauzaji wetu. Ila yule mwenye stoki ya mwaka juzi yenye vumbi naye kapandisha, hapo ndipo damu inanichemka.

Kesi, yoyote yenye matundu mbele. Joto la Dar na kioo cha mbele haviendani.

Wa bei chee kabisa mnaoniuliza kuhusu Dell OptiPlex 9020 za mtumba: zinacheza, ila plagi ya umeme ya mazabodi yake ni ya Dell ya pini 8, hii pawa saplai ya kawaida haiingii bila adapta, ndogo zake zinataka kadi fupi ya kwenda juu (low profile), na Windows 11 haimtambui rasmi. Basi, imetosha.

Sasa nilirudi pale dukani na maiti yangu. Kabla sijafika mawinga watatu wamenidaka, "sista unatafuta nini, simu, laptop, twende kwa Mchina", kila mmoja na cha juu chake kitakachoongezwa kwenye bei bila wewe kujua, ndio maana nawaambia nenda na jina la duka kichwani, tembea kama una mgonjwa hospitali. Nikamkuta jamaa yule yule. Akaangalia, akanusa, akasema "dada hii ni umeme wa kwenu." Nikamwambia kaka, jirani zangu TV zao zipo zinaangalia tamthilia. Akanionyesha karatasi ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi. Akaniuliza risiti iko wapi. Risiti! Mtu aliyeniuliza siku ile "unataka bei ya risiti au bila risiti", na tofauti ilikuwa kubwa, na mimi kwa tamaa yangu nikasema bila.

Akaniambia kwa vile mimi mteja wake atanifanyia wema, anipe nyingine. Akaingia ndani, akatoka na boksi lile lile, rangi ile ile, 500W, akanikabidhi. Nililibeba kwa kidole kimoja.