Kwinini na atesuneti: muuguzi aangalie nini

Kwa mtoto mwenye malaria kali, dawa hizi mbili humdai muuguzi uangalizi wa namna tofauti. Kwinini hutiririshwa polepole kwa dripu kwa saa 4 na kurudiwa kila baada ya saa 8. Hatari yake kubwa ni kushusha sukari ya damu, kwa hiyo muuguzi hupima tone la damu la kidoleni mara kwa mara, hasa mtoto anapotoka jasho jembamba la baridi au kusinzia ghafla, usingizi ambao mama huweza kuudhania kuwa ni nafuu.

Atesuneti hudungwa kwa dakika chache, mwanzoni, kisha saa 12 na saa 24 baada ya sindano ya kwanza, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto wa Mbarara, Uganda, pia, ulionyesha kuwa huokoa maisha zaidi. Mimi naichagua bila kusita. Ila uangalizi wake huhamia nyumbani: chembe nyekundu za damu zaweza kuvunjika wiki 1 hadi 4 baada ya tiba, hivyo kabla ya kumruhusu mgonjwa, mwonyeshe mama sehemu ya ndani ya kope la chini, umweleze kwamba ikipauka, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, amrudishe mtoto siku hiyo hiyo.