Kibao cha Nakshi cha Kumuenzi Muuguzi: Tathmini ya Karakana Moja ya Mji wa Kale wa Lamu

Muuguzi wa zahanati yetu aliajiriwa mwaka 1991, na mwaka 2024 alitimiza miaka 60, umri ambao mtumishi wa umma nchini Kenya hutakiwa kustaafu. Kwa miaka hiyo 33 alizalisha akina mama, akashona majeraha ya wavuvi, akachanja watoto ambao leo wanaleta watoto wao, na mara nyingi alifanya hayo yote akiwa mtumishi wa afya wa pekee kijijini. Kamati ya zahanati, ambayo mimi ni mjumbe wake, ilikubaliana na mwakilishi wadi wetu, yaani mjumbe wetu katika bunge la kaunti, kwamba asiachwe kuondoka kimya kimya. Tukaagiza kibao cha nakshi katika karakana ndogo iliyo katika kichochoro cha mtaa wa Mkomani, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wengine wenye nia kama yetu, kwa sababu kazi tuliyoipata pale ilitufunza mengi kuhusu namna ya kumheshimu mtumishi wa umma.

Baadhi ya wazee walipendekeza kwanza achangiwe pesa na akabidhiwe bahasha mbele ya watu. Mwakilishi wadi alitueleza kwa upole kwamba Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012 haikubali zawadi ya pesa kwa afisa kwa sababu ya kazi yake; zawadi inayokubalika ni ile ya adabu ya kawaida, isiyovuka mipaka. Muuguzi alikuwa bado na wiki kadhaa kazini, na hakuna aliyetaka jina lake safi lipate doa mwishoni. Hivyo ndivyo wazo la kibao lilivyokuja, na naona lilikuwa bora kuliko bahasha hata kama sheria ingeruhusu.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja chenye dari ya boriti za mikoko, na mlango wake uko wazi muda wote ili mwanga uingie. Mafundi ni wawili, mzee na kijana wake. Hawana orodha ya bei ukutani wala vibao vilivyotengenezwa tayari vinavyosubiri kuandikwa jina. Mzee alitukalisha, akatuletea kahawa, akauliza maswali kwa karibu saa nzima kabla ya kutaja bei. Alitaka kujua kibao kitatundikwa wapi, ukuta ni wa chokaa au wa saruji, chumba kinapigwa na upepo wa kusi au la, na nani atakayekisoma. Kisha akatuonyesha ubao wa mbambakofi alioutoa katika fremu ya mlango mkuukuu, akaugonga kwa kidole tuusikie. Bei tuliyokubaliana ilikuwa shilingi 9,500, nusu tukalipa siku hiyo.

Jambo lililonivutia zaidi lilikuwa shauri la maneno. Sisi tulikuwa tumekwenda na karatasi iliyoandikwa vizuri, na katika karatasi hiyo, kama ilivyo desturi ya vibao vingi tunavyoviona vikizinduliwa, mstari wa kwanza ulikuwa jina la mwakilishi wadi na cheo chake, wa pili ukawa jina la kamati, na muuguzi akaja katika mstari wa nne baada ya neno “shukrani”. Fundi aliisoma karatasi mara mbili. Akachukua penseli, akapima ubao, akatuambia kwamba herufi zikichongwa kwa ukubwa unaosomeka kutoka mlangoni, ubao utabeba mistari mitano tu. “Basi niambieni, wanangu,” akasema, “ni nani anayestaafu?”

Hatukuwa na jibu ila moja. Mwakilishi wadi mwenyewe, aliyekuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi karibu na mlango, aliomba penseli akalikata jina lake. Fundi akaendelea kuuliza: watu humwitaje? Tukasema kwenye hati ni muuguzi, lakini kijiji kizima humwita Sista. Amefanya nini ambacho mtu mwingine hakufanya? Hapo tulianza kutaja sifa za jumla, uaminifu, bidii, moyo wa kujitolea, na fundi akatikisa kichwa, akisema maneno hayo ameshawachongea watu wengi na anaweza kuyachonga hata akiwa amefumba macho. Alitaka kitu kimoja alichokifanya huyu mmoja.

Ndipo mwakilishi wadi akataja daftari. Sista alikuwa na daftari kubwa la mistari ambalo halikuwa sehemu ya kumbukumbu za lazima za zahanati. Kila mgonjwa alipohitaji kuvushwa kwenda hospitali ya King Fahd mjini Lamu, aliandika tarehe, saa ambayo mgonjwa alifika kwake, saa ambayo boti ilipatikana, na hali ya maji, kama yamejaa au yamekupwa. Pembeni, kwa mwandiko mdogo, aliandika sababu ya kuchelewa, na sababu iliyojirudia kuliko zote ilikuwa kwamba boti ipo lakini haina mafuta. Nimeliona daftari hilo kwa macho yangu. Kurasa zake za katikati zimekunjamana kwa maji ya bahari, na wino umetawanyika, lakini saa zinasomeka.

Daftari hilo ndilo lililokuwa silaha ya mwakilishi wadi katika bunge la kaunti, na ningependa kulieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu watu wengi hawajui mpaka wa kazi ya mjumbe. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinamtaka awe karibu na wapiga kura wake na kuyafikisha maoni yao bungeni, na papo hapo kinamkataza kujitia katika kazi za utendaji au utoaji wa huduma kana kwamba yeye ni afisa wa serikali ya kaunti. Kwa hivyo mjumbe anayenunua mafuta ya boti kwa pesa za mfukoni akapiga picha nayo amefanya hisani, na wagonjwa wa siku ile watamshukuru, lakini mwezi unaofuata boti itakauka tena. Kazi aliyotumwa ni kuhakikisha mafuta yana mstari wake katika bajeti. Huduma za afya za kaunti zimekuwa mikononi mwa serikali ya kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka makadirio ya bajeti yawe yamefika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Mjumbe mwenye jambo la watu wake ana majira ya kulisema, kama baharia alivyo na majira ya kusafiri.

Wetu alilisema kwa wakati. Alisimama akasoma kurasa tatu za lile daftari, kwa Kiswahili, bila ya kuongeza neno: tarehe, saa, saa, hali ya maji. Waliokuwamo wanasema ukumbi ulitulia. Hakumwita Sista shujaa wala hakulia. Aliiacha kazi ya Sista izungumze, na mafuta ya boti yakapata mstari wake. Nimewasikia wajumbe wengi wakitetea mambo ya umma kwa sauti kubwa na methali, na sisemi hawana nia njema, lakini sijasikia utetezi uliokuwa na nguvu kama kurasa zile tatu. Pia naamini kwamba Sista aliheshimiwa siku ile zaidi ya siku tuliyomkabidhi kibao, maana aliyoyaandika usiku kwa taa ya koroboi yaliingia katika kumbukumbu rasmi za bunge, ambako hayatafutika.

Fundi aliisikiliza hadithi yote huku akinoa patasi. Maneno aliyoyachonga mwishowe ni haya, baada ya jina: “Sista wetu, 1991 hadi 2024. Aliandika saa zetu. Maji yalipokupwa alingoja nasi ufuoni. Kutoka kwa wanakijiji.” Mistari mitano. Jina la mwakilishi wadi na la kamati yako nyuma ya kibao, kwa herufi ndogo, pamoja na tarehe.

Kuhusu ubora wa kazi, nina machache ya kulalamikia na mengi ya kusifu. Herufi zimechongwa kwa kina kinachotosha ncha ya kidole cha shahada kuingia, na kingo zake zimelainishwa kwa msasa kiasi kwamba hazikwaruzi. Pembezoni pamezungushwa maua ya duara na majani yanayofuatana, na ukiyatazama kwa karibu utaona hakuna ua linalofanana na jingine kabisa, kwa sababu hayakupigwa kwa kielelezo. Chini kabisa pana boti ndogo, na chini ya boti pana mistari miwili ya mawimbi, mmoja wa juu na mmoja wa chini, ya maji kujaa na kupwa. Hilo hatukuliomba, fundi aliliongeza mwenyewe. Tulimuuliza kama angekipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa majahazi. Akasema sifa ni ya chombo kinachoshindana na chumvi, na harufu yake haikai na watu sebuleni. Alitumia mafuta ya simsim, mara mbili, akipumzisha ubao siku nzima katikati, na rangi ya mbambakofi ikatoka nyekundu ya kukolea inayopendeza sana penye mwanga wa asubuhi.

Kasoro ni tatu. Kazi ilichelewa siku tisa, na ingawa fundi alitueleza kwamba ubao wa kwanza ulipasuka, hakutuma habari mpaka tulipokwenda wenyewe. Kwa watu wanaovuka maji, safari ya bure ni gharama. Vipete vya kutundikia vilikuwa vyembamba mno kwa uzito wa mbambakofi, tukalazimika kununua vingine dukani. Tatu, stakabadhi haikutolewa mpaka tulipoidai, na kamati inayochangisha pesa za watu haiwezi kufanya kazi bila stakabadhi. Hizo si dosari za kumfanya mtu asiende, ila ni vizuri azijue mapema.

Nilinganishe na kibao kingine nilichowahi kukiona kikikabidhiwa kwa mwalimu mkuu mstaafu, katika hafla ambayo sitaitaja. Kilikuwa cha kioo, kimechapishwa kwa rangi za dhahabu, na picha ya mwanasiasa aliyekitoa ilikuwa kubwa kuliko jina la mwalimu. Baada ya miezi michache dhahabu ilianza kubanduka. Mwalimu amekiweka kabatini.

Zipo pia heshima za taifa, na mwakilishi wadi ameahidi kulipeleka mbele jina la Sista. Sheria ya Heshima za Taifa ya mwaka 2013 imeweka kamati ya ushauri inayochambua majina kabla ya rais kutoa nishani, na nyingi hutangazwa Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba. Ningefurahi mno kuiona nishani hiyo kifuani mwake. Hata hivyo nawasihi wajumbe wa Lamu, katika wadi zote kumi kuanzia Kiunga hadi Witu, wasiwaache watumishi wa zahanati na shule wakisubiri barua ya Nairobi ilhali mafundi wa nakshi wako hapa hapa na daftari za watu hawa ziko hapa hapa.

Siku ya kukabidhi, Sista alikipokea kibao kwa mikono miwili akakiweka magotini, na kwa muda hakusoma. Alipitisha kidole kwenye boti, kisha kwenye mistari ya mawimbi. Alipoinua uso alimwambia mwakilishi wadi, kwa sauti ambayo sisi wa mbele tu tuliisikia: “Baba, nahodha je? Mimi niliandika saa, yeye ndiye aliyekuwa majini.”

Nahodha wa boti ya wagonjwa atastaafu mwakani. Kibao chake tumekwisha kukiagiza katika karakana ile ile, mapema safari hii, na malipo yote yana stakabadhi. Fundi ameomba tumpelekee daftari la Sista kwa siku mbili ili achague maneno humo.