Kampuni iliyonipeleka Bwindi kuona gorila: kibali Rushaga, kitanda Buhoma

Nimerudi Bukoba juzi usiku, magoti bado yanauma, lakini acha niandike kabla sijasahau maana najua kuna watu wanapanga hii safari na wanatafuta kampuni.

Nilichukua kifurushi cha siku nne kwenda kuona gorila wa milimani Bwindi, Uganda. Jina la kampuni siliweki, bado tunaongea kuhusu hela yangu. Kwao natoa nyota mbili. Kwa siku yenyewe ya msituni natoa zote tano na kama kungekua na ya sita ningeongeza.

Kosa lao ni hili. Bwindi haina geti moja, ina sekta nne, Buhoma upande wa kaskazini, Ruhija mashariki, Rushaga na Nkuringo kusini, na kibali chako kimeandikwa tarehe na sekta, kikisema Rushaga ni Rushaga, huwezi kuibukia Buhoma asubuhi ukasema nimefika. Sasa hawa walininunulia kibali cha Rushaga afu lodji wakanilipia Buhoma! Kwenye ramani unaona msitu ni mmoja na ni mdogo tu, ila kwa gari unazungushwa kwenye milima masaa matatu mpaka manne, na mvua ikiwa imenyesha ndo usiseme.

Niligundua saa mbili usiku tukiwa tunakula, nikamuonesha dereva karatasi ya kibali ili nijue tunaamka saa ngapi. Akaisoma, akairudia, akaweka kijiko chini. Nikampigia wa ofisini, akaniambia "usijali dada, Bwindi ni Bwindi tu." Jamani, mtu anayeuza hii safari kila wiki anasema hivo! Dereva ndo aliyeniokoa, akasema tutoke saa tisa usiku na tukatoka saa tisa usiku, tukanasa kwenye tope mara moja, tukafika Rushaga saa mbili kasoro dakika chache wakati watu wanajipanga kwa ajili ya maelekezo. Sikulala, sikunywa hata chai, na usiku wa pili wa Buhoma niliokua nimelipia ukapotea.

Dalili niliiona mapema nikaipuuza. Hesabu ya kwanza waliyonitumia ilikua na kibali cha dola 800. Hiyo ni bei ya mgeni anayetoka nje ya Afrika. Sisi raia wa Afrika Mashariki tunalipa shilingi 300,000 za Uganda, haifiki hata dola 100, unaonesha pasi yako tu. Nilipowaambia walirekebisha bila ubishi, lakini pale pale ningejiuliza kama hata bei hawaijui, sekta watazijua?

Mengine yalikua sawa, gari zima, mpaka wa Mutukula tulivuka haraka, chakula kizuri.

Msituni sasa. Unapangiwa familia ya gorila, watu hawazidi wanane kwa familia moja, sisi tulipata Kahungye. Wafuatiliaji wanakua wametangulia alfajiri, wanaanzia pale gorila walipolala jana, maana kila jioni wanajitengenezea viota vipya, afu wanawasiliana na renja wenu kwa redio. Kwa hiyo hakuna anayejua mtatembea muda gani, inaweza kua saa moja, inaweza kua sita. Sisi tulitembea masaa matatu, mteremko mkali, mizizi, siafu, majani yanayowasha hata juu ya suruali. Vaeni soksi ndefu na suruali iingie ndani ya soksi, na glavu hata zile za bustani.

Na mchukue mpagazi, hata kama una nguvu. Wangu alikua mama wa kijiji cha pale pale, anaongea Rukiga na mimi Kihaya, tukaelewana karibu nusu nzima. Kila nikiteleza ananishika mkono anasema "mpora mpora", na kwetu ni mpola mpola, nilijisikia nipo na shangazi yangu. Hiyo hela inaingia moja kwa moja kwenye nyumba zinazopakana na msitu, watu ambao gorila wakitoka wanawalia migomba yao.

Tulipowakaribia renja akatuambia tuvae barakoa na tuache mabegi na fimbo kwa wapagazi. Mafua yetu yanaweza kuwaua, ndo maana ukiwa unakohoa hawakupeleki na ndo maana mnakaa mita 10. Afande akaanza kutoa sauti nzito ya kooni, mmmh-mmh, kuwajulisha ni sisi, na kutoka kwenye majani kitu kikajibu hivo hivo. Nywele zilinisimama. Silvabaki, yaani dume kubwa la familia, alikua amekaa ametupa mgongo, ule mgongo wa kijivu mpana kama mlango, anavuta mzabibu wa porini, anaumenya kwa meno, anatupa ganda. Mtoto mmoja akapanda kwenye bega lake, akajipiga kifua mara tatu, akaanguka, mama yake akamvuta kwa mguu bila hata kumwangalia. Saa moja ndo mnayopewa, na iliisha kama dakika kumi. Dunia nzima wapo elfu moja na kidogo tu, wote kwenye Bwindi na milima ya Virunga, na mimi nilikua nasikia wakitafuna.

Kwa hiyo ukipanga, anza na kibali, ukishajua sekta ndo utafute pa kulala karibu na sekta hiyo, gari iwe ya mwisho. Omba kampuni ikutumie picha ya kibali kabla hujamalizia hela, usome jina lako, namba ya pasi, tarehe na sekta, afu uliza lodji iko dakika ngapi kutoka pale. Wakikujibu Bwindi ni Bwindi tu, tafuta wengine.

Jana wamenitumia ujumbe wanasema watarudisha hela ya ule usiku wa pili. Ikiingia nitaongeza nyota moja.