Makumbusho ya Reli Nairobi baada ya Mombasa Road: uzoefu wangu

Kosa kubwa ni kuingia hapa siku ileile mliyotoka Mombasa. Ni kilomita 480 hivi, na hata mkiondoka alfajiri, foleni ya malori pale Mlolongo haina haraka na mtu. Mtafika jua liko utosini, watoto hoi, na chuma cha injini hakishikiki. Laleni Athi River, mwingie asubuhi ya pili yake. Kwa familia iliyopita njia hiyo natoa nyota nne kati ya tano. Anayetoka Thika au Nakuru apunguze moja. Barabara ya Mombasa huandamana na reli ya zamani sehemu kubwa ya safari, na mengi mliyoyapita njiani yanaelezwa humu.

Kwenye matatu usiseme "makumbusho" tu, utashushwa Museum Hill, kwenye Makumbusho ya Taifa. Wala usiichanganye na stesheni ya SGR, reli mpya, ile iko Syokimau. Hapa ni mjini, jirani na stesheni ya zamani, unaingilia upande wa Haile Selassie Avenue.

Anzeni uani kungali na ubaridi. Bingwa wa uwanja ni injini nambari 5918, Mount Gelai, injini ya mvuke ya aina ya Garratt, daraja la 59, kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock, Manchester. Ziliundwa 34 kati ya 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ina uzito wa tani 252 hivi, na kwenye reli ya upana wa mita moja haijatokea injini ya mvuke kubwa kuzishinda.

Wengi hupiga picha mbele wakaondoka, na hapo wamekosa uhondo wote. Simameni katikati ya injini, mwiname, mtazame chini ya boila, lile tangi la kuchemshia maji. Hakuna gurudumu hata moja. Boila imebebwa na fremu iliyolala kama daraja juu ya vigari viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, kila kimoja na silinda na magurudumu yake. Kwa kuwa chini yake ni wazi, tanuri linaweza kuwa pana na boila ikawa nene. Vigari navyo hugeuka kila kimoja kivyake, ndiyo maana dude refu namna hii lilimudu kona za njia ya Mombasa. Mpe mtoto kazi ya kuhesabu magurudumu upande mmoja: ni 14, kwa hiyo jumla 28. Makubwa 16 ndiyo yanayovuta. Madogo huongoza na kupunguzia reli mzigo. Makaa ya mawe msiyatafute, injini hizi zilichoma mafuta mazito.

Bebeni futi ya chuma. Kati ya kingo za ndani za reli mtapata mita moja, ilhali ya SGR ni milimita 1,435. Ukipima kutoka katikati ya reli moja hadi katikati ya nyingine utazidisha sentimita sita au saba, kisha ubishane bure na mtoto wa darasa la sita.

Ngazi za kupandia kwa dereva zimesimama wima na kidaraja cha kwanza kiko juu. Mtoto apande mtu mzima akiwa nyuma yake, na kushuka ni kinyumenyume, uso ukielekea injini. Viatu viwe vya kufunga, malapa huteleza. Nguo nyeupe acheni kwenye gari, kutu haitoki kwa sabuni ya kawaida.

Ndani ya jengo nusu saa yatosha. Behewa ndilo la kutulia nalo, lile ambalo simba aliingia Juni 1900 akamburuta nje Charles Ryall, afisa wa polisi, katika stesheni ya Kima. Mkiwa njiani, baada ya Sultan Hamud, waonyesheni watoto kibao cha Kima. Wakiliona behewa halitakuwa mbao kuukuu tu. Watatania kwamba jina lilitokana na nyama ya kusaga, kila Mswahili hupita hapo na mzaha huo.

Waambieni mapema pia kwamba simba wawili wa Tsavo, wale waliokula wajenzi wa reli 1898, hawapo hapa. Wako Field Museum, Chicago.