Siku moja ya baiskeli msituni Kereita: uzoefu wangu na waandalizi walioniuliza maswali kumi na moja

Niliandika kuomba safari hii mwezi wa tatu, nikiwa na hesabu ya mtu wa ofisini: tarehe, idadi ya watu na bei. Tulikuwa wanne, yaani mimi mwenye miaka arobaini na sita na magoti yasiyopenda ngazi, wenzangu wawili wa kazini, na mtoto wa kaka yangu ambaye yuko chuo kikuu na huja mjini kwa baiskeli kutoka Kasarani karibu kila siku. Nilichotaka ni siku moja ya kuendesha baiskeli za milimani, tukiwa na mtu wa kutuongoza, katika msitu wa Kereita kule Lari, upande wa kusini wa safu ya Aberdare. Nilitarajia kutumiwa bei. Nilitumiwa maswali kumi na moja, na sitaficha kwamba yaliniudhi.

Waandalizi walitaka kujua urefu na uzito wa kila mmoja wetu, mara ya mwisho alipanda baiskeli lini, kama ilikuwa barabara ya lami au njia ya udongo, kama kuna mwenye pumu au shinikizo la damu, na kama kuna aliyewahi kuanguka vibaya akabaki na hofu. Swali hilo la hofu nililiruka. Haikupita nusu saa, kiongozi wa safari akanipigia mwenyewe. "Mama, umejibu yote isipokuwa lile moja," akasema. Basi nikamweleza kwamba mwaka 2011 baiskeli ilinirusha kwenye mteremko wa kuelekea Ruaka, nikavunjika kiwiko, na tangu hapo nikiona mteremko vidole vyangu hujikunja kwenye breki kabla sijafikiri. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba nitapanda nyuma yake na mbele ya wengine wote, ili nione mahali anapopita na nisisikie mtu akinisukuma kwa nyuma.

Baadaye nilielewa kwamba kila swali lilikuwa na kazi yake. Urefu huamua ukubwa wa fremu, uzito huamua upepo unaowekwa kwenye tairi na ugumu wa springi za mbele, na hofu huamua nani amfuate nani. Mtu akikukodisha baiskeli bila kukuuliza lolote, amekukodisha chuma tu.

Tulipofika kwenye tarehe tukagongana tena. Mimi nilikuwa nimeomba Jumamosi ya mwisho ya Aprili, kwa sababu ndiyo siku pekee ambayo sisi watatu wa ofisini tulikuwa huru. Walikataa kata kata. Masika huku kwetu huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na kiongozi alinieleza kwamba tatizo si sisi kuanguka peke yake. Gurudumu likipita kwenye udongo uliolowa huacha mfereji, mvua inayofuata huteremka kwenye mfereji huo huo, na baada ya wiki chache mahali palipokuwa na njia panakuwa na korongo. Nilijitahidi kununa lakini sababu ilikuwa nzito kuliko mununo wangu, tena maji yanayofika Nairobi kutoka mabwawa ya Sasumua na Ndakaini hutoka kwenye milima hiyo hiyo ya Aberdare, kwa hiyo mkazi wa Nairobi ana haki ndogo sana ya kuilalamikia mvua ya huko. Tukakubaliana katikati ya Juni. Amana tuliyokuwa tumelipa, ambayo ni asilimia 30, ilihamishwa bila kukatwa hata shilingi.

Sharti jingine lilikuwa kwamba wiki mbili kabla ya safari tukutane Karura kwa majaribio ya saa mbili. Wenzangu walidhani ni njia ya kutulipisha mara mbili, ila majaribio yenyewe yalikuwa ndani ya bei na sisi tulilipa kiingilio cha msitu tu. Kwa wasiokuwa wenyeji wa Nairobi, Karura ni msitu wa takriban hekta 1,000 ulio ndani kabisa ya jiji, na ndio ule ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 walipokwenda kupanda mti wakipinga unyakuzi wa ardhi. Leo watu huingia hapo na baiskeli, watoto na chupa za chai, na mimi kila nikipita langoni huwa nakumbuka jambo hilo.

Kiongozi hakutufundisha mengi siku ile. Alitupeleka kwenye mteremko mfupi unaoelekea mtoni, akasimama chini, akatutazama tukishuka mmoja mmoja. Mimi niliposhuka, nilishika breki zote mbili kwa vidole vyote vinane, gurudumu la nyuma likaburuzika na kuchora mstari kwenye udongo. Alikuja akaishika mikono yangu pale pale kwenye usukani, akafungua vidole kimoja kimoja, akabakiza cha shahada peke yake kila upande. "Hizi ni breki za diski, mama, kidole kimoja kinatosha. Hivyo vingine vina kazi ya kushika usukani. Ukivipeleka vyote kwenye breki, usukani unabaki na nani?" Akaongeza kwamba breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, kwa sababu uzito mwingi husogea mbele unapopunguza mwendo, lakini lazima ibanwe polepole kama mtu anayekamua ndimu, na kwamba unaposhuka pedali ziwe sawa, moja mbele na moja nyuma, maana iliyo chini ndiyo hugonga mzizi. Nilishuka mteremko ule mara tisa. Mtoto wa kaka yangu alishuka mara moja, akaambiwa anajua kuendesha lakini hajui kusubiri, na akacheka. Tutalirudia hilo.

Sasa bei, ambayo ndiyo lalamiko langu la kwanza. Tulilipa shilingi 8,500 kila mtu, na ujumbe wa kwanza ulisema kwamba bei hiyo ni ya "kila kitu". Niliposoma tena na kuuliza, nikagundua kwamba "kila kitu" ni baiskeli, helmeti, viongozi wawili, chakula cha mchana na majaribio ya Karura. Kiingilio cha Kereita na usafiri wa kutoka Nairobi vilikuwa juu yetu. Kiasi chenyewe hakikuwa kikubwa na sidhani kulikuwa na hila, lakini mtu anayeuliza uzito wangu kwa kilo naye aniandikie bei kwa ukamilifu. Vilevile walitaja umbali, kilomita 24, bila kutaja mwinuko. Mwenzangu mmoja, ambaye hukimbia kwenye mashine ya mazoezi kila jioni, aliziona kilomita 24 kuwa jambo dogo. Kumbe ndani yake mlikuwa na kupanda kwa jumla ya mita 600 hivi, tena mahali palipo juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambapo hata sisi wa Nairobi tuliozoea mwinuko huhema. Alipofika kilomita ya saba alikuwa anasukuma baiskeli kwa mkono, na hakutaka kusemeshwa.

Tuliondoka Westlands saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukashika barabara ya Nakuru hadi Kimende, na tulipoteremka kwenye gari ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tulisikia punda kabla ya kumwona. Waandalizi walikuwa wametuonya mapema tusibebe maji ya chupa za kutupa, kwa sababu plastiki za kutumika mara moja zilipigwa marufuku kwenye misitu na mbuga za Kenya tangu Juni 2020. Kundi jingine lililofika wakati ule ule lilibaki langoni likimimina maji kutoka chupa moja hadi nyingine.

Hapo hapo langoni ndipo aibu yao ilipojitokeza. Walikuwa wametuuliza maswali kumi na moja, na hakuna hata moja lililouliza ukubwa wa kichwa. Mwenzangu wa pili ana kichwa kidogo, na helmeti zote zilizokuja zilikuwa za ukubwa mmoja. Alipotikisa kichwa, helmeti ilizunguka hadi utosi ukawa sikioni. Kijana aliyekuwa kiongozi wa nyuma alipendekeza ajifunge leso ndani yake, lakini mkubwa wake alikataa akisema kwamba helmeti inayocheza ni pambo tu. Akavua yake mwenyewe, iliyokuwa na gurudumu dogo la kukazia kwa nyuma, akampa, na yeye akavaa ile kubwa na kuibana kadiri ilivyowezekana. Nilimheshimu kwa hilo, lakini halikunifurahisha: mtu anayetuongoza hakustahili kuwa ndiye mwenye kofia mbovu. Zaidi ya hayo, baiskeli moja ilikuwa na pedi za breki zilizokwisha kabisa, zikabadilishwa pale tulipo huku tukitetemeka kwa dakika ishirini. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa Nairobi usiku uliotangulia.

Msituni kwenyewe waandalizi hao hao walibadilika wakawa kama watu wengine. Kabla ya kuanza, kiongozi aliongea kwa muda mrefu na askari wa msitu kuhusu mahali ndovu walipoonekana mara ya mwisho, na akabadilisha njia yetu kwa sababu hiyo. Kwenye kila kona yenye mianzi alipiga kelele, "Hoyaa!", nasi tukaitikia. Mwanzoni niliona ni utoto. Akaeleza kwamba baiskeli haina sauti na ina mwendo, kwa hiyo humfikia mnyama kabla mnyama hajajua kuna mtu, na nyati aliyeshtuliwa hana muda wa kusikiliza samahani. Mahali pamoja tulikuta kinyesi cha ndovu katikati ya njia. Alishuka, akakipasua kwa kijiti, akaweka kiganja juu yake bila kukigusa, akasema ni cha jana. Tukaendelea, ingawa mimi niliitikia "Hoyaa" kwa nguvu zaidi kuanzia hapo.

Kilomita ya kumi na tano hivi, mtoto wa kaka yangu akachoka kusubiri. Alitupita pembeni, akaruka mizizi miwili, na wa tatu ukapiga sehemu ya nyuma ya baiskeli yake. Tulisikia mlio kama wa kijiko kinachovunjika. Kile kichuma kidogo kinachoshikilia kibadilisha gia kwenye fremu kilikuwa kimepinda hadi mnyororo ukaingia kwenye spoki. "Shangazi, sikufanya kitu," akasema, akiwa bado amelala kwenye majani.

Nilidhani safari yake imeishia hapo. Kiongozi wa nyuma akafungua mkoba wake, akatoa kikopo cha chuma kilichokuwa cha dawa ya koo, na ndani yake mlikuwa na vichuma vinne vya umbo tofauti, kila kimoja kimefungwa utepe wenye namba ya baiskeli. Alinieleza huku akifungua skrubu kwamba kichuma hicho hutengenezwa laini kwa makusudi, ili kipinde chenyewe badala ya fremu kuvunjika, na kwamba karibu kila aina ya baiskeli ina chake, kwa hiyo fundi asiyebeba cha baiskeli yako hawezi kukusaidia hata awe hodari namna gani. Baada ya dakika ishirini na tano gia zote zilikuwa zinaingia isipokuwa moja. Kwangu mimi kikopo kile kilifuta nusu ya makosa ya langoni.

Chakula cha mchana kilikuwa chapati, ndengu na ndizi, kingi na cha moto. Sina neno.

Mteremko wa mwisho ulikuwa mrefu, wenye udongo mwekundu na mawe madogo. Nilimfuata kiongozi nikitazama gurudumu lake la nyuma, na katikati nikajikuta nahesabu vidole vyangu: kimoja huku, kimoja huku. Niliposimama chini mkono uliovunjika mwaka 2011 ulikuwa unauma kwa uchovu, wala si kwa kingine.

Jumatatu niliwaandikia malalamiko yangu manne kwa utaratibu: bei, mwinuko, helmeti na pedi za breki. Walijibu siku iliyofuata bila kujitetea, na wakamrudishia mwenzangu wa helmeti shilingi 1,000, jambo ambalo sikuwa nimeliomba. Tumeshalipa amana ya safari ya Februari, wakati njia zitakuwa kavu. Makadirio ya bei sasa yanataja kiingilio na usafiri kando, na chini ya umbali yameandikwa mita za kupanda. Fomu yenyewe ina maswali kumi na mawili. La mwisho linauliza mzunguko wa kichwa, kwa sentimita.