DOSBox (inayoendesha programu za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, kwenye masini za leo) sina ugomvi nayo. Fundi ndiye!

Papa ana duka la mabati na misumari hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Madeni ya wateja wote yamo ndani ya programu ya DOS aliyoandikiwa enzi za Zaire. Hadi leo kila kiasi inakibandika NZ, yaani zaire mpya, pesa iliyokufa mwaka 1998, hata ukiingiza dola. Majuzi masini yake ya zamani ikakata roho. Windows ya biti 64 haikubali programu za zamani za biti 16 kama hiyo, basi fundi mmoja wa mjini akatuwekea DOSBox kwenye laptopu mpya. Hapo simlaumu. Skrini nyeusi ikafunguka na menyu ile ile ya Kifaransa, papa nusura alie.

Kisha neno la siri. Likakataliwa. Tukarudia, wapi! Fundi hata kuinama aangalie hakutaka, macho yako kwenye simu: "Mama, faili zimekufa hizi. Mwambie muzee anunue daftari." Mbele ya wateja! Akadai dola 10 zake, na mimi mjinga nikalipa.

Usiku, nyumbani, programu ikanifukuza tena hadi kwenye C:\>, pale DOS inaposubiri amri. Kwa hasira nikaliandika neno lenyewe pale pale: mama (tumeshalibadilisha, msijisumbue). Kilichotokea ni ;q;q. Jamani! Kibodi yetu ni AZERTY, ya mpangilio wa Kifaransa, DOSBox inaisoma kama ya Kimarekani, na vile vinyota vya neno la siri vinaficha uchafu wote. Dawa ni amri moja tu, keyb fr, ya kuiambia kibodi ni ya Kifaransa, na kwa bahati herufi za amri hiyo hazihami kati ya kibodi hizo mbili. Nikaingia. Madeni yote yapo, hata ya marehemu.

Usiku ule ningeipa DOSBox nyota 5, tena ni ya bure. Asubuhi papa akataka kuchapisha risiti. Hamna! DOSBox ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, printa haiijui. Nikaitukana nusu siku. Baadaye nikapata DOSBox-X, ndugu yake, na hiyo inachapisha. Basi nyota 3. Au 4, maana kosa la kibodi si la kwake peke yake, mtu anayejiita fundi angeliona kwa dakika moja.

Dola 10 zangu nazitaka. Jumatatu nampelekea laptopu, nimwandikie keyb fr mbele ya wateja wake, tena polepole.