Sedani za silinda sita kwa barabara za Dodoma: ipi ununue, ipi uiache

Wengi wanaotafuta sedani yenye nguvu hapa Dodoma huanzia kwenye Toyota Mark X 2.5 (yenye injini ya cc 2,500), kwa hoja kwamba injini ndogo ina kodi nafuu. Hoja hiyo haina mashiko. Ushuru wa bidhaa kwa gari linalozidi cc 2,000 ni asilimia 10, liwe la 2,500 au 3,700, na gari lenye umri zaidi ya miaka 10 linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu bila kujali ukubwa wa injini. Kinachotofautiana ni thamani ambayo Mamlaka ya Mapato (TRA) inalikadiria gari, kwa hiyo ingiza modeli na mwaka kwenye kikokotoo chao kabla hujatuma hata senti Japani. Kwenye mafuta, ni kweli mjini 2.5 inakula machache kuliko injini kubwa. Ukishaingia barabara ya Morogoro na ukatulia kwenye 100, tofauti inapungua sana.

Namba moja kwetu ni Toyota Mark X 3.5, chesesi GRX133, ya kuanzia mwishoni mwa 2009. Injini yake ni 2GR-FSE yenye nguvu farasi 318, lakini si hizo farasi zinazoipa nafasi hii. Ina nozeli 12: sita zinapuliza petroli ndani ya silinda, sita nyingine zinapuliza kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu. Hizi za pili ndizo zinazoosha valvu. Injini ya 2.5, yaani 4GR-FSE, ina zile za ndani peke yake. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa unagandia kwenye valvu na kugeuka masizi magumu, gari linaanza kutetemeka ukisimama kwenye taa, linavuta kwa shida, na fundi asiyeijua injini anakubadilishia plagi na koili bila mafanikio.

Dawa ya kumwaga kwenye tenki haisaidii hapo, kwa sababu petroli haipiti kwenye hizo valvu. Dawa ni kufungua manifodi ya hewa, kuzungusha injini mpaka valvu za silinda unayoishughulikia zifunge, kumwaga kisafishio, kuacha masizi yalainike, kusugua kwa brashi, na kunyonya uchafu wote kabla ya kuhamia silinda nyingine. Fundi anayesugua huku valvu iko wazi anakutumbukizia vipande vya masizi ndani ya silinda.

Ubaya wa 3.5: ikiwashwa asubuhi inaweza kukwaruza kwa sekunde moja au mbili, na hizo ni gia za VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) kwenye kemshafti. Si ya kufa leo, ila ni ya kushusha bei. Muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti kwanza, na ukiikuta ya moto, rudi kesho. Pia iliundiwa petroli ya daraja la juu ya Japani. Hapa mwinuko unatusaidia: Dodoma iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini haigongi (petroli kujilipukia kabla ya wakati wake) kwa urahisi kama ikiwa Dar. Hiyo hewa nyepesi, hata hivyo, inakula karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ya injini yoyote isiyo na turbo.

Crown Athlete 3.5 (GRS204, 2008 hadi 2012) inashika namba mbili. Injini ni ileile, imetulia zaidi barabarani, ila ni nzito na ina vikorokoro vingi vya umeme.

Namba tatu ni Mark X 2.5, na hapa tunasema GRX130 tu. Ina farasi 203 na iliundiwa petroli ya kawaida, tofauti na GRX120 ya kabla yake. GRX120 nyingi zimeshachoka ringi za pistoni: acha gari lingurume dakika kumi, kisha mtu akanyage ghafla huku wewe umesimama nyuma. Moshi wa bluu ukitoka, ondoka. Ukishanunua, jaza oili mpaka alama ya juu na uipime kila kilomita 1,000.

Nissan Skyline V36, hasa 370GT, ndiyo yenye raha kuliko zote hizi ukiiendesha, na tunaiweka namba nne kwa sababu moja. Ndani, nyuma ya kava ya cheni, kuna gasketi za karatasi kwenye njia ya oili. Zikipasuka, presha inashuka kimyakimya bila tone kuanguka chini, na taa ya oili ikiwaka umeshachelewa. Kabla ya kulipa, fundi atoe swichi ya presha ya oili na afunge geji pale. Injini ikiwa ya moto na haijakanyagwa, presha isishuke chini ya bar 1; kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, isishuke chini ya bar 3. Gasketi za chuma zipo na bei yake ni ndogo. Unacholipia ni kazi, maana mbele yote ya injini inafunguliwa. Ukikuta iliyokwisha kufanyiwa kazi hiyo, na geji ikathibitisha, ipandishe hadi namba mbili.

BMW 325i ya E90 yenye injini ya N52 ni ya mtu mwenye fundi wake. Wota pampu ni ya umeme. Inaweza kufa ghafla, joto linapanda, na inabidi uzime hapohapo, hata kama uko katikati ya Gairo na Morogoro. Ikikaribia kilomita 100,000, badilisha pampu na thamostati kwa pamoja, na boliti zake ziwe mpya kwa sababu ni za aluminiamu, za kufungwa mara moja tu. Nyingi hazina hata kijiti cha kupimia oili. Unaisoma kwenye dashibodi.

Mercedes C300 ya W204 tunaiweka mwisho. Kufuli lake la stelingi likigoma, gari haliwaki kabisa, na kuliprogramu upya kunahitaji mashine maalumu.

Lolote utakalochukua, rejeta iwekwe kulanti. Maji ya Dodoma yana chumvi, yanaacha magaga ndani ya mirija. Chujio la hewa likaguliwe kila mwezi wakati wa kiangazi, hasa ukiwa unakaa mitaa ya vumbi kama Nzuguni.

Mwisho fungua buti. E90 ilitoka kiwandani na matairi ya kutembelea bila upepo, haina spea. 370GT Type S ina 225/50R18 mbele na 245/45R18 nyuma, kwa hiyo tairi la mbele haliokoi la nyuma. Mark X yenye rimu za inchi 16 inavaa 215/60R16, yenye ukuta mnene unaovumilia mashimo na rasta. Iliyoshushwa springi iache hapohapo yadi. Matuta ya barabarani yataimaliza sampu, lile beseni la oili chini ya injini.